Urojo wa vijana wa kanisani, njia ya Fuoni: nyota nne, ya tano wakinunua viti

Nianze na urojo wenyewe mana ndo unaonitoa nyumbani. Mzito wa kiasi, si ule wa maji maji unaoona mpaka chini ya bakuli, rangi yake ya bizari hasa, na ukali wake wa embe mbichi iliyochemshwa ikapondwa, sio ndimu ya unga. Mie ndimu ya unga naijua toka kijiko cha kwanza, inakata ulimi alaf haina harufu, na siku hizi mjini wengi ndo wanayotia kwa sababu embe ghali nje ya msimu. Hawa embe zikiadimika wanatia ukwaju na wanakwambia kabisa, "leo ukwaju shangazi", unaamua mwenyewe. Ndani utakuta viazi, bajia za dengu ndogo ndogo, kachori, nusu yai, mishkaki kama umelipia, juu chipsi za muhogo zilizokunwa na chatne ya nazi. Ile chatne ndo inayoua watu. Nazi ya siku ile ile, pilipili mbichi, chumvi, ndimu, bas. Hawaweki frijini ya jana mana frijini yenyewe hawana.

Sasa wenyewe ni nani. Ni vijana wa kikanisa kidogo huku njia ya Fuoni, wachache tu, ukiwatia kwenye daladala moja wanaenea na viti vinabaki. Jumamosi jioni wanatoa meza mbili nje ya uzio, jiko la mkaa, masufuria, ndoo ya kunawia mikono, na wanauza mpaka vitu viishe. Kila wanachouza kina kazi yake, nitafika huko. Mie si wa kanisa lao, mie wa msikitini, ila nyumba ni jirani na pua ninayo, na ile harufu ya kachori ikianza baada ya alasiri huwezi kukaa ndani ukasema hujasikia.

Watu wakisikia kanisa Zanzibar wanafikiri Mkunazini tu, lile kubwa la Kianglikana lililojengwa pale penye soko la watumwa baada ya soko kufungwa 1873, ambalo watalii wanalipa kiingilio na mtembeza wageni anawaonesha nguzo zilizosimamishwa juu chini, wanasema mafundi walifanya hivo Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, hayupo. Au Minara Miwili ya Wakatoliki. Hichi cha kwetu sio hivo, ukipita na gari unaweza usikione, ukumbi mmoja, bati, mwembe uwanjani na kengele ya kugongwa kwa chuma. Hakuna mtalii anayefika huku. Na mie naona ndo uzuri wake, mana bei haijapandishwa kwa ajili ya mzungu.

Bei basi. Urojo wa kawaida elfu mbili, na mishkaki elfu tatu. Sambusa mia tano, kachori mia tatu, katlesi mia tano. Vitumbua wanavyo siku wanayojisikia, vya iliki, laini, vinanukia tui. Juisi ya bungo elfu moja kwa glasi ile kubwa na hawajazi barafu nusu, mabungo wanachuja wenyewe kwa kitambaa ndo mana haina ule uzi uzi unaokwama menoni. Wana pilau pia. Pilau nitaisema baadae kwa sababu sitaki kuanza na ubaya.

Suala la kwanza ambalo majirani zangu wananiuliza, na ni haki yao kuuliza: kuku na nyama vipi? Yakhe, hili wamelimaliza zamani. Nyama ya mishkaki wananunua buchani kule kule tunakonunua sisi sote. Kuku wakiwa nao wa kienyeji basi anachinja mzee mmoja hapa mtaani, wa swala tano, wanampelekea asubuhi na kisu chake anacho mwenyewe. Siku moja bibi mmoja alimuuliza kijana mbele ya watu, kwa sauti, "mwanangu huyu kachinja nani?", nikajua kijana atachukia. Wapi. Akamjibu "shikamoo bibi, kachinja babu pale kwenye mlango wa kijani, ukitaka nikupeleke ukamuulize mwenyewe." Bibi akacheka akaagiza mbili. Nguruwe pale hakuna, pombe hakuna, na sufuria ni za mama zao, wala haziazimwi mahali ambapo hupajui.

Ila kama ni chakula tu ningeandika mistari mitano nikaenda zangu. Chakula kizuri Unguja kipo, Forodhani kipo, Darajani kipo, kila baraza lina mtu wa bajia. Kinachonifanya nikae pale mpaka mbu wanifukuze ni wale vijana wenyewe. Sijaona watu wanafanya kazi ngumu huku wanacheka kiasi kile. Na wengi wao Jumamosi ndo siku pekee wanayopumzika, mana wako wanaosoma skuli, yuko wa bodaboda, wako wanaofanya kazi mahotelini huko Nungwi na Paje ambao wakipata off wanapanda gari ya shamba na begi mgongoni wanakuja moja kwa moja kumenya viazi. Mie ningelala.

Mgawo wa kazi pale ni kichekesho. Kukuna nazi ni kazi ya wavulana. Yaani wanakaa juu ya mbuzi, uwanjani, mbele ya watu wote, na vijana wenzao wakipita na baiskeli lazima watie neno, "bwana harusi unakuna?" Wanajibu, wanarushiana maneno, na nazi inaendelea kukunwa. Wasichana wawili ndo wenye pesa, mmoja anapokea mwengine anaandika, na hakuna mwengine anayeruhusiwa kugusa lile kopo, hata mwenyekiti wao. Nilimuona mwenyekiti anaomba mia tano akanunue kiberiti, akaambiwa aseme ya nini, akasema, ikaandikwa, ndo akapewa. Mie niliyewahi kuwa kwenye vikoba vitatu vikafa vyote kwa sababu ya pesa nilitamani kumkumbatia yule binti.

Kuimba nako. Jumapili wana ibada na kwaya ni hao hao, kwaiyo mazoezi yanafanyika hapo hapo wanapokaanga. Mmoja anaanza sauti ya chini huku anageuza kachori, wa bajia anaingia juu, wa foleni sisi tunasubiri tu mana mpishi hawezi kukupa sambusa katikati ya ubeti. Kuna siku walikosea mahali fulani wakarudia, wakakosea tena, wakarudia, mpaka mtoto wa jirani yangu, miaka saba, anaesoma chuoni kwa ustadh kila siku, akawaimbia yeye ile sehemu walivyotakiwa kuimba. Wakaachia vijiko wakampigia makofi. Baba yake alikuwa amesimama pembeni na bakuli lake, akatikisa kichwa, akacheka, akasema "haya sasa twende nyumbani."

Na lile jambo la ubao. Kwenye mwembe wametundika ubao mweusi wa skuli, mstari wa juu lengo lao, chini yake iliyoingia wiki hii, iliyotumika, iliyobaki, na mstari wa mwisho jumla toka waanze. Wanaandika kwa chaki mbele yako usiku ule ule wakimaliza kuhesabu. Sijui kama wanajua wenyewe, ila ule ubao ndo biashara yao. Mtu anakuja kununua kachori mbili, anatazama pale juu, anaona bado laki na nusu, anasema "tia na juisi". Mie nimeshafanya hivo. Jirani yangu mmoja, fundi seremala, mtu bahili sijapata kuona, alisimama chini ya ubao kama dakika tano anapiga hesabu kwa vidole, akawaambia mmekosea mstari wa tatu, wakatazama, kweli wamekosea, kumi elfu ilikuwa imejumlishwa mara mbili. Toka siku hiyo anakuja kila Jumamosi kukagua. Anasema anakuja kukagua tu. Na urojo anakula.

Lengo la kwanza nililolikuta pale lilikuwa PEMBA. Wanao wenzao kule Wete, kikundi kidogo zaidi yao, na walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana, wanazungumza kwa simu tu. Kwaiyo urojo wote ule ulikuwa nauli ya boti kwenda Mkoani, na gari kutoka Mkoani mpaka Wete mana kisiwa unakipita chote toka kusini mpaka kaskazini, na chakula, na kurudi. Ukikaa pale unasikia mipango: wangapi, nani analala wapi, nani anatapika baharini. Kuna mama mmoja hakutaka kabisa mwanawe aende. Hakuwa na ugomvi na kanisa wala na safari, ni boti tu, mana yeye tangu Spice Islander ilipozama Septemba 2011 kule mkondo wa Nungwi hajavuka tena, na ukimtajia Pemba anabadilika uso. Hawakumcheka. Walimwambia watakwenda na boti ya mchana, ile kubwa, na mtu mzima mmoja kwa kila vijana wanne, na akitaka aje mwenyewe awe katika hao watu wazima na nauli yake ipo kwenye ubao. Hakwenda. Mwanawe akaenda, na mama akashinda pale mezani na kina mama wenzake Jumamosi ile wanauza badala ya vijana, kila nusu saa anatazama simu. Sambusa zake, naomba niseme, zilikuwa nzuri kuliko za vijana. Manda nyembamba, kitunguu kingi.

Walirudi wamechoka, wamechomwa na jua, na halua ya Pemba kwa kila mtu aliyechangia. Mie pia nilipata, kipande kizuri tu kwenye karatasi. Hakuna duka lililowahi kuniletea zawadi kwa kununua kwangu kachori.

Ramadhani, hili ndo nataka watu wajue. Hawakuuza mchana hata siku moja, meza zikawa zinatoka baada ya alasiri na vitu vya futari: muhogo wa nazi, tambi, kachori, uji wa pilipili manga, unanunua unapeleka kwako. Sasa mwaka 2025 ikawa Kwaresima yao na mfungo wetu zimekaribiana, Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi na sisi tulikuwa tumeanza kufunga siku chache tu nyuma. Na wale vijana kumbe baadhi yao wanafunga kweli kweli, hawali mpaka jioni. Matokeo yake jikoni hakuna anayeonja! Muuzaji kafunga, mpishi kafunga, mteja kafunga, muhogo umetiwa chumvi kwa kukadiria kwa macho. Siku nyengine sawa, siku nyengine unafuturu unakunywa maji mpaka tarawehe. Nikawaambia, wakamtafutia kazi mtoto mdogo wa mchungaji, kazi yake kuonja. Alinenepa mwezi ule.

Kitu cha mwisho cha kukifuata pale ni mnada. Huu haupo kila wiki, unakuja wakati wa mavuno au wakiwa wamekaribia lengo na hawana subira. Watu wa kanisa wanaleta walichonacho, papai, mkungu wa ndizi, kuku, ndimu za uani, mayai trei moja, na kijana wa bodaboda ndo dalali mana ana sauti na hana haya. Nilivyodhani mie mnada ni kununua kitu ukaondoka nacho. Kumbe pale mtu ananunua papai kwa elfu tano alaf anasema "narudisha", linauzwa tena, mwengine analinunua elfu saba, anarudisha, papai moja linazunguka uwanja mzima. Mwanzo niliona wazimu. Mpaka fundi seremala, yule bahili, akainua mkono, na uwanja wote ukanyamaza mana hakuna aliyeamini, akalichukua kwa elfu kumi. Dalali akamuuliza "unarudisha mzee?" Akasema "sirudishi, nimeshazunguka nalo vya kutosha, nalila." Watu walilia kwa kucheka. Akalikata pale pale kwa kisu cha mishkaki akagawa.

Sasa mabaya, mana kama nasifu tu mtasema nimehongwa urojo.

Pilau. Wali umepikika, viungo vipo, ila wanapika sufuria kubwa moja mchana na mpaka jioni chini imeshika na juu imekauka, na nyama ukipata vipande viwili umebahatika. Elfu tatu na mia tano kwa ile sahani mie sikubali, kwa pesa hiyo nakula urojo na sambusa. Niliwahi kuwaambia wapunguze sufuria wapike mara mbili, wakasema mkaa. Haya, mkaa ghali, naelewa, lakini basi waiache pilau kwa wanaoijua.

Foleni. Saa kumi na moja na nusu mpaka magharibi ni mtihani. Mtiaji ni mmoja na ni yule yule anayependa kuzungumza na kila mtu habari za nyumbani, hujambo, mama hajambo, mtoto kapona, na nyuma watu kumi wanasubiri. Huyu binti nampenda kweli ila apewe msaidizi au apewe kazi ya kukaribisha wageni.

Viti. Viko viwili vya plastiki na bao moja refu, na bao linakaliwa na wazee toka saa kumi kwa ajili ya bao lao jengine, la kete. Wengine tunakula wima, bakuli mkono huu kijiko mkono huu, mkoba begani, mtoto anavuta baibui. Mara ya kwanza ni raha, baadae kiuno kinazungumza. Ndo mana nimewanyima nyota ya tano na nimewaambia uso kwa uso. Mweka hazina akanijibu viti vinaingia kwenye lengo linalofuata, baada ya kinanda. Mana sasa ubao umeandikwa KINANDA, walichonacho noti tatu hazilii na wamejifunza kuimba kwa kuziruka. Kwa kasi ninayoiona kabla ya mavuno watakuwa nacho, mradi mvua ya masika isiwaharibie, mana mvua ikinyesha hawana pa kujificha isipokuwa ndani ya kanisa na jiko haliwezi kuingia huko.

Jirani mmoja alinambia mie natangaza biashara ya watu wa dini nyengine. Nikamwambia natangaza urojo. Akanyamaza, Jumamosi nikamkuta kwenye foleni mbele yangu, anaomba azidishiwe chatne.

Kwa anayetaka kwenda: gari za Fuoni zinakushusha karibu, utaona moshi na watoto, hakuna kibao. Fika saa kumi na nusu, baada ya hapo bajia zinaanza kuisha na mishkaki ndo ya kwanza kumalizika. Bakuli nenda nalo lako lenye mfuniko kama unabeba, mifuko ya plastiki huku marufuku miaka mingi na wao wanafungia gazeti, sasa urojo kwenye gazeti utafika nyumbani umekwisha. Pilipili wanauliza, "nitie shangazi?", ukisema kidogo wanatia nyingi, ukisema usitie wanatia kidogo. Kulipa kwa simu wanapokea. Ukilipa taslimu chukua noti ndogo ndogo, mana ukimpa yule binti wa kopo elfu kumi kwa urojo wa elfu mbili atakutazama, atatazama ubao, atatabasamu, na chenji yako utakuwa umeitoa mchango wewe mwenyewe kwa mdomo wako.